Ubao wa Fundi na Samaki wa Mkwe

Palikuwa na fundi seremala mmoja aliyesifika mtaa mzima kwa kunyoosha kazi. Mlango aliouweka yeye haukungoja kusukumwa kwa bega, na meza yake ukiidondoshea tone la maji, tone halikujua liende upande gani. Alifanyia kazi kwenye ua wa nyuma, chini ya bati, na maranda yake yalifika hadi kizingiti cha jikoni. Mkewe alikwisha kuacha kulalamika siku nyingi. Alifagia tu, akayatia kwenye gunia la kuwashia moto, akasema kila mtu na takataka zake.

Siku za mapumziko Fundi alikwenda ziwani kuvua kwa mshipi. Hakuwa peke yake. Walikuwa kundi la watu wa kazi mbalimbali waliofanya chama chao: wengine walivua kwa kitoweo, wengine kwa kukimbia makelele ya nyumbani. Miaka ilivyokwenda samaki wakapungua, na waliobaki wakawa wadogo hata ndoano zikaonekana kubwa. Ndipo chama kikakubaliana, baada ya mabishano ya kukauka makoo, kwamba samaki asiyefika sentimita thelathini arudishwe majini, na mtu asiondoke na zaidi ya watano kwa siku.

Si wote waliopenda. Palikuwa na dereva wa lori, mtu wa maneno mengi na watoto wengi, aliyesema sufuria yake haina futi ndani na samaki mdogo ndiye mtamu. Mwenyekiti, mama mmoja muuguzi mstaafu, alimjibu kwamba samaki mdogo hajazaa, ukimla leo umekula na wajukuu zake. Na palikuwa na fundi cherehani, mzee mpole, aliyesema sheria ile ni nzuri ila ni nusu. "Mnawahurumia watoto, mama zao mnawakaanga," alisema. "Wale wakubwa mno nao warudi, kwa sababu ndio wazazi. Tusije tukajaza ziwa mayatima." Watu walicheka, lakini wengi waliondoka wakiyatafakari.

Huyu fundi cherehani alikuwa mkwe wa Fundi. Binti wa seremala aliolewa na mwana wa mshonaji, na wazee hao wawili waliitana mkwe kwa adabu zote, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni mpaka chai ikapoa.

Kwa kuwa hakuna aliyemzidi Fundi kwa vipimo, chama kilimwomba atengeneze ubao wa kupimia. Akatengeneza ubao mrefu, laini, na kwenye ncha moja akapigilia kibao cha mkingamo ambapo samaki hugusisha pua. Kutoka hapo alipima thelathini, akachora mstari mwekundu. Mkia ukifika mstari, samaki ni wako. Usipofika, mrudishe. Akapewa na usimamizi wa ubao, na hapo ndipo alipovimba kichwa kidogo. Alisimama nao kwenye njia ya kutokea, mikono nyuma, na aliyeanza kujitetea alijibiwa neno moja: "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Likitoka kinywani mwa seremala lilikuwa na uzito wake.

Sasa, Jumamosi moja watu walikuwa wengi, na fundi cherehani akaja na samaki watatu kwenye kikapu. Wawili walipita. Wa tatu akalazwa ubaoni, pua kwenye kibao, na mkia ukaukosa mstari kwa nusu kidole hivi. Tena alikwisha kufa, hakuna la kumrudisha.

Fundi cherehani aliinama akatazama. "Mkwe, huyu amefika," alisema taratibu. "Nilipomtoa tu nilimwona ni thelathini na kitu."

"Ubao unasema hajafika."

"Nimepima viuno vya watu tangu ujana wangu. Jicho langu haliwezi kukosa kiasi hiki. Hebu pima tena."

Fundi alijua watu wanatazama. Alikuwa amesikia minong'ono kwamba msumeno wake ukifika kwa mkwe utashika kutu. Kama angempima tena kimya kimya, au angemvuta pembeni, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini aliinua uso, akasema kwa sauti ya kufika mbali: "Kiuno kina mkanda, mkwe. Ukikosea, mtu atakaza. Samaki hakazi."

Watu wakaangua kicheko. Na ukweli ni kwamba Fundi alikipenda kicheko kile. Kilimwingia kama chai ya moto siku ya baridi. Akaongeza kwamba mtu aliyekuwa akiwafundisha kuwahurumia mama samaki kumbe kikapuni ana vichanga. Dereva naye hakukawia. "Leo tumempata," akasema. "Fundi Dagaa." Jina likashika papo hapo.

Adhabu ya chama ilikuwa mtu kukaa nje ya ziwa mpaka msimu uishe. Fundi cherehani alimtazama mkwe wake, akaacha kikapu na samaki wote pale chini, hata wale wawili halali, akakunja mshipi wake akaondoka.

Nyumbani, Fundi alisimulia kisa hicho kama mtu aliyefanya jambo gumu kwa ajili ya haki. Mkewe hakucheka. Alisema tu, "Mkwe hachekwi hadharani," akaenda kuchota maji.

Miezi ikapita. Kila mara binti yao alipokuja kusalimia alikuwa na habari ya baba mkwe wake. Mara mzee amekwenda kupima macho. Mara amenunua miwani, na miwani inamzungusha kichwa. Mara amerudisha kitambaa cha mteja wa siku nyingi, kamwambia ampelekee fundi mwingine, macho yake hayaaminiki tena. Kushona alishona, kwa sababu mshono unafuata chaki. Lakini kukata aliacha. Alikuwa akishika mkasi, anaulaza juu ya kitambaa, halafu anauweka chini. "Anasema kama samaki alimdanganya, suruali itaacha vipi kumdanganya," binti alisema. Alisema huku akimtazama baba yake, kisha akatazama pembeni.

"Uzee," Fundi alijibu. "Hata mimi randa inanilemea siku hizi."

Kisha mwenyekiti akamwomba ubao wa pili, maana watu walipanga foleni na samaki wakaoza jua likiwaka. Fundi akaubeba ule wa zamani nyumbani ili anakili. Akaulaza juu ya benchi yake ya kazi, akavuta futi, akaweka ncha kwenye kibao, akasoma kwenye mstari mwekundu.

Haukuwa thelathini. Ulikuwa zaidi, kwa karibu upana wa kidole.

Kwanza alilaumu futi. Akaenda kuchukua nyingine, ile mpya ambayo hakupenda kuichafua. Nayo ikasema vilevile. Akakuna kichwa, akauinamia ubao, na hapo akaona, mbele kidogo ya kile kibao cha mkingamo, matundu mawili ya misumari yaliyozibwa na uchafu. Hapo akakumbuka. Kibao cha kwanza, alichokuwa amekipima, kilikuwa kipande kinene cha mti mgumu. Mtu mmoja alikikalia kama kigoda kikavunjika. Fundi, asubuhi moja kabla ya ile Jumamosi, akiwa na haraka ya kuwahi ziwani, aliokota kipande chembamba cha mbao ya sanduku, akakipigilia ukingoni kama kilivyokuwa cha kwanza. Kinene kikawa chembamba, na tofauti yake ikahamia kwenye mstari. Hakupima upya. Yeye, ambaye hakuna mwanafunzi aliyepita kwake asiyeambiwa pima mara mbili ukate mara moja.

Alikaa juu ya gunia la maranda akauangalia ule ubao kama mtu anayeangalia nyoka aliyelala naye kitanda kimoja. Samaki wa mkwe alikuwa amekosa nusu kidole tu. Kwa hiyo alikuwa halali, tena na ziada. Jicho la mzee halikukosea hata chembe.

Hapo ndipo ungedhani atainuka aende. Hakwenda. Aliinuka akatengeneza mbao mbili mpya, kamili, akazipiga msasa mpaka zikang'aa. Ule wa zamani akaupasua vipandevipande kwa shoka, akavichanganya kwenye gunia la kuni, na jioni mkewe akapikia.

Wiki iliyofuata alizipeleka zile mpya. Mwenyekiti akazishika, akasema mbao hizi hata nyumbani kwa mtu zingependeza, na watu wakampigia makofi. Fundi alitazama viatu vyake. Siku hiyo samaki wengi walipita. Dereva alimpima mmoja, akampima tena, akatikisa kichwa. "Naona samaki wa msimu huu wamelelewa vizuri," alisema. "Au ziwa limemwogopa Fundi." Kila mtu akacheka, na Fundi akajilazimisha kucheka nao, lakini midomo ilikataa ikabaki imekunjwa kama ya mtu aliyeuma ndimu.

Tangu hapo chakula kikawa hakipiti. Akisikia jina la Fundi Dagaa sokoni, anabadilisha njia. Akimwona binti yake anaingia, anajifanya ana kazi kwenye rafu ya mwisho. Aliwaza kila siku kwamba kesho atakwenda, na kesho ikifika inageuka leo, na leo ina kazi.

Asubuhi moja mkokoteni ukasimama mlangoni. Juu yake ilikuwa meza ndefu, pana, ambayo uso wake ulikuwa umelainishwa na vitambaa vya miaka mingi, na pembeni ina alama za chaki zilizozama ndani ya mti. Fundi aliijua. Ilikuwa meza ya mkwe ya kukatia nguo. Mwenye mkokoteni akatoa salamu: mzee anaomba mkwe wake aikate, amtengenezee rafu mbili za ukutani, maana hana tena kazi nayo na inambana chumba. Akasema mzee haamini mkono wa fundi mwingine, ila wa mkwe wake anauamini.

Fundi aliingiza meza uani. Akachora mstari wa kukatia. Akachukua msumeno, akauweka kwenye ukingo, akausukuma kidogo tu, na meno yalipouma mti akauacha papo hapo. Mkewe alitoka jikoni akamkuta amesimama vile, msumeno umekwama mezani na yeye analia bila sauti, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Akamweleza yote, pamoja na kuni zile.

"Kwa hiyo nilipikia ugomvi," mkewe akasema. Kisha akauliza, "Unangoja nini?"

"Nitamwambiaje mkwe? Uso nitauweka wapi?"

"Uso wake yeye uliuweka wapi siku ile?"

"Basi nitakwenda usiku, nizungumze naye peke yake. Tuyamalize wenyewe."

"Ulimwaibisha uwanjani, sasa unataka kumwomba radhi uvunguni," mkewe alisema. "Nenda sasa hivi, na ukitoka huko nenda kwa wale waliocheka. Mficha uchi hazai, baba. Wewe umeficha mpaka unataka kukata meza ya mtu."

Akaenda mchana kweupe, na nguo za kazi. Fundi cherehani alikuwa ameketi mbele ya cherehani, anashona pindo la pazia. Chumba kilionekana kikubwa ajabu mahali ilipokuwa meza. Sakafu pale ilikuwa na rangi tofauti. Alipomwona mgeni akavua miwani, akainuka, akamvutia kiti.

"Karibu mkwe. Rafu zimekuwa tayari upesi hivyo?"

"Sikuja na rafu." Fundi hakukaa. "Nimekuja kukuomba radhi. Yule samaki wako alikuwa halali. Ubao wangu ndio uliokuwa na kosa."

Akaeleza habari ya kibao kinene na kibao chembamba. Alieleza vibaya, akianza mwisho akirudi mwanzo, na mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, fundi cherehani aliinua kidole cha shahada na gumba, akaviachanisha kidogo.

"Ulizidi hivi?"

"Kama hivyo."

"Nami nilikosa hivi." Akavisogeza vidole karibu zaidi. Akabaki anaitazama nafasi ile kati yao. "Kwa hiyo macho yangu ni mazima."

"Ni mazima, mkwe."

"Nimekaa miezi yote hii nikijiona kipofu. Wateja nimewafukuza mwenyewe. Mke wangu ananisomea majina ya dawa, na mimi nayaona, lakini nasema soma wewe, mimi siamini ninachoona." Hakupandisha sauti, na hilo lilimwumiza Fundi zaidi ya makelele. "Na ubao wenyewe uko wapi, watu wauone?"

Fundi alijua swali lile litakuja. Alikuwa ameliogopa njia nzima.

"Niliuchoma."

"Uliuchoma."

"Nilipogundua. Niliogopa."

Mzee akavaa miwani yake, kisha akakumbuka, akaivua tena. "Basi hata cha kunisafishia umekichoma," alisema. Akarudi kwenye pazia lake, akakanyaga cherehani, na mlio wake ukajaza chumba mpaka Fundi akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Siku ya mkutano wa chama Fundi alisimama kabla hata mwenyekiti hajamaliza kuhesabu waliofika. Akasema alivyokosea, akasema alivyoficha, akamtaja mkwe wake kwa heshima, akaomba lile jina la dhihaka lifutwe. Alidhani watu watamtukana. Alikuwa tayari kwa matusi. Hakuwa tayari kwa lililotokea.

"Ubao uko wapi?" Dereva aliuliza.

"Nimesema niliuchoma."

"Basi hayo ni mambo ya ukweni," Dereva akasema, akiwageukia wengine. "Binti amemlilia baba, baba amekuja kumtoa mkwe wake matopeni. Na sisi tuliorudisha samaki wetu, tutaambiwa nini? Kama kweli ubao ulikuwa mbovu, hii sheria tuivunje leo, maana tumekuwa tukionewa. Kama haukuwa mbovu, huyu anatudanganya. Achague mwenyewe."

Wakavutana. Wapo waliosema kipimo kife kabisa, kila mtu ale anachopata. Wapo waliosema kosa la fundi si kosa la sheria. Wapo waliomtazama Fundi kwa huruma ya namna mbaya, kama unavyomtazama mlevi anayesema ameacha. Alisimama katikati yao na ukweli wake mkononi, na hakuna aliyeutaka. Maisha yake yote neno lake lilikuwa limetosha. Sasa alikuwa anasema kweli tupu na watu wanakonyezana.

Mwenyekiti ndiye aliyetuliza. Alisema kile kibao kinene anakikumbuka, kilimgonga kidole, na baadaye hakukiona tena. Hilo liliwatosha baadhi. Wakapiga kura, sheria ikabaki kwa kura chache, na ikaamuliwa mbao zishikwe na watu wawili na zikaguliwe kila mwanzo wa msimu. Adhabu ya fundi cherehani ikafutwa. Fundi akaondolewa usimamizi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeunyoosha mkono kwanza kuunga hoja hiyo.

Fundi cherehani alikuwepo, amesimama nyuma karibu na mlango. Alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Mwenye kuamini aamini. Mimi nilikuwa nataka kujua habari ya macho yangu tu, na nimejua." Akatoka.

Kesho yake Fundi aliziba ile alama ya msumeno kwenye ukingo wa meza. Aliziba kwa gundi na unga wa mbao ya rangi ileile, akapiga msasa, lakini ukipitisha kidole bado ungeihisi. Akaazima mkokoteni, akaipakia, akausukuma mwenyewe. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, na kila aliyemsalimia alimjibu huku ameinamisha kichwa, akijua nusu yao wanajua.

Meza haikuingia mlangoni mpaka watu wawili waibinue ubavu. "Shika upande huo," fundi cherehani alisema, wakaibinua, wakaingiza, wakaishusha pale sakafu ilipokuwa na rangi yake. Mzee akapitisha kiganja juu ya meza. Kilipofika kwenye kovu kikasimama, kisha kikaendelea.

Kitambaa cha kijivu kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Mzee akakitandaza, akakinyoosha pembe, akavua miwani akaiweka mfukoni, akachukua chaki. Fundi alisimama mlangoni, hajui kama anatakiwa kukaa au kwenda.

"Mkwe," alianza.

"Leo nina kazi," fundi cherehani alisema bila kuinua macho. Chaki ikachora mstari mrefu. "Njoo siku nyingine. Si wiki hii."

"Nitakuja."

"Uje na mama. Binti naye mwambie asiwe anakaa katikati yetu kama mpatanishi, atazeeka bure."

Fundi akaitikia, akatoka, akageuza mkokoteni. Nyuma yake alisikia mkasi ukiingia kwenye kitambaa, ukaenda moja kwa moja bila kusimama.